Mgonjwa wa Mtihani

Mama Pasi hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, anainuka; akiinuka, anatafuta cha kunyoosha. Chumba chake kilitazamana na ukuta wa hospitali kubwa, ile wanayosomea madaktari, na makoti meupe ya wanafunzi ndiyo yaliyomlisha yeye na binti yake miaka nenda miaka rudi. Siku hizi alikuwa akinyoosha koti moja tu, anashika meza kuvuta pumzi. Ngazi za mlangoni tu zilimtoa jasho.

"Mama, nenda zahanati wakupe rufaa," binti yake alimwambia asubuhi moja.

"Zahanati ya nini? Mimi nina profesa."

Na kweli alikuwa naye, kwa namna yake. Kila mwaka, msimu wa mitihani ukifika, gari la hospitali humfuata mpaka mlangoni, majirani wametoa macho. Hulazwa kwenye kitanda safi, wanafunzi wakaingia mmoja mmoja kumsikiliza moyo na kumjibu profesa kwa lugha yao ya vitabuni. Kisha chai, asante, na gari tena. Majirani wenyewe walikuwa wakirudishwa getini kwa kukosa rufaa, sasa Mama Pasi asiringe kwa nini? Zahanati hakukanyaga.

Mwaka huu gari lilipokuja, roho haikumtulia. Alipanda, akashuka kuangalia kama pasi imezimwa, akapanda tena.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa msichana mwembamba. Koti lake Mama Pasi alilijua kwa ule mfuko aliouunguza mwenyewe na kunyamaza kimya. Msichana alisikiliza moyo, akamjibu profesa. Ndipo profesa akatoa agizo ambalo halikuwahi kutolewa miaka ya nyuma.

"Sasa mweleze mgonjwa mwenyewe, kwa lugha anayoielewa."

Msichana akamgeukia. "Mama, moyo una milango. Mmoja wa kwako umebana, damu inapita kwa shida. Dawa peke yake haitoshi. Unahitaji upasuaji, na usicheleweshwe."

"Vizuri sana," profesa akasema, akaandika alama.

Mama Pasi akainuka kitandani. "Sasa upasuaji wangu ni lini, profesa?"

"Hilo watakwambia huko unakotibiwa, mama."

"Natibiwa hapa."

"Kliniki ipi?"

"Si hii hapa?"

Profesa akaacha kuandika. Mama Pasi alimtazama usoni akitafuta dalili ya utani, asiione. Hapo ndipo ilipomwingia kwamba miaka yote hiyo walikuwa wakimsikiliza tu, hakuna aliyemtibu. Aibu ilimshika, hasira ikaipita aibu.

"Tutaliongea baadaye," profesa akasema kwa sauti ya chini. "Wanafunzi wanasubiri, mama. Moyo kama wako hatuna mwingine leo. Mtihani utakwama."

"Basi ukwame. Nikipewa tarehe, nitalala."

Akafunga vifungo vya blauzi mpaka shingoni, akakaa ukingoni mwa kitanda akilinyoosha shuka kwa kiganja, mara huku, mara kule. Nje ya pazia foleni ya wanafunzi ilizidi kurefuka, makoti yao yamenyooka vizuri, na safari hii wao ndio waliokuwa wakimngoja yeye.