Jibu: Toleo Lijalo

Juzi, kwenye dirisha la barua hapa Kamina, mbele yangu alisimama mama mmoja, mjane wa askari wa base, kambi ya jeshi. Aliulizia gazeti la Kifaransa la sataranji, ambalo marehemu mumewe alikuwa akiletewa miaka yote. Lilijaa michezo ya wasomaji waliochezeana kwa barua, na kwenye ukurasa wa mwisho, fumbo: nyeupe inashinda kwa hatua tatu. Jibu, toleo lijalo.

"Mama, ile revue ilisha kufa," karani akamwambia.

"Bwana yangu naye alisha kufa, Papa. Lakini fumbo ya mwisho aliacha pa meza, na yeye iko anacheza. Asubui nakuta kete imesogea. Yeye iko na blancs, ile nyeupe. Minyi njo niko na noirs, ile nyeusi."

Karani akacheka. Mama akabandika vidole viwili kwenye kioo.

"Alisha kusukuma mara mbili. Nataka kuona jibu mbele yeye asukume ya tatu."

Karani, ambaye sijawahi kumwona akiinuka kitini, akainuka na kuanza kupekua mifuko ya barua.

Sataranji naijua kidogo. Sikuthubutu kumwambia mama kwamba jibu la fumbo kama hilo huonyesha tu nyeupe inavyoshinda. Nyeusi haiandikiwi pa kutokea.