Mke wa Mlinzi wa Mafunjo

Kanyere alifika Bunia mwaka 1975 pamoja na mumewe, Kule, na binti yao mdogo, Vahwere. Walitoka upande wa Lubero. Mfanyabiashara mmoja wa kwao alikuwa amemwahidi Kule kazi, lakini walipofika walikuta duka limefungwa na mwenyewe amerudi Butembo. Wakapanga nyumba ya udongo huko Mbunya, chini kabisa ya mteremko, ukingoni mwa bonde la maji ambalo kila mtu aliliita Potopoto.

Watu wa mji hawakuipenda Potopoto. Mbu walitoka huko, na ukungu wa asubuhi, na harufu ya majani yanayooza. Kanyere naye hakuipenda mpaka alipozoeana na jirani yake, Bernadette, mjane mzaliwa wa Ituri aliyeishi na binti yake Élise. Kwenye karatasi za zone, ofisi ya serikali ya eneo, Bernadette alikuwa na jina lingine, maana kwa amri ya serikali majina ya ubatizo hayakutakiwa tena maofisini, lakini mtaani hakuna aliyelitumia. Riziki yake ilikuwa mafunjo. Aliyakata, akayaanika, akayapasua, akasuka virago vya kulalia na kuvipeleka sokoni kichwani.

Alimfundisha Kanyere bila maneno mengi.

"Ile yenye kichwa imefunguka, ndiyo unakata," alimwambia. "Ile ingine iko bado mutoto, unaacha."

Bua lenye kiota cha kwera, ndege anayefuma majani, waliliacha pia. Haikuwa huruma tupu. Bua lililobeba kiota hupinda, na bua lililopinda halisukiki. Kanyere akajua yangeyange wanakotua jioni, na mdiria anavyokaa kimya juu ya maua ya yungiyungi kabla ya kujitupa majini. Korongo wenye mataji ya manjano walitembea wawiliwawili kwenye majani mafupi, na walimzoea kiasi cha kutoruka alipopita na mzigo.

Kuna mahali pamoja tu alipokatazwa. Katikati ya Potopoto mafunjo hayakuota ardhini, yalielea. Mizizi ilikuwa imeshikana ikawa kama godoro nene juu ya maji, na anayesimama pale anahisi dunia yote inatikisika.

"Pale hapana kwenda," Bernadette alisema. "Ilimeza ng'ombe ya watu, hata pembe hawakuona."

Mwaka 1979 wakubwa wa serikali walifika na wageni wawili wenye darubini. Wakasimamisha kibao cha bati: bonde lote ni hifadhi ya ndege, ni marufuku kukata, kuvua wala kuchunga. Wakatafuta mlinzi anayekaa karibu, wakampata Kule. Alipewa buti, koti la mvua na filimbi. Mkubwa wake alikuwa Citoyen Tharcisse; walimwita Citoyen, yaani raia, kama ilivyoamriwa, lakini jina la ubatizo watu hawakumwondolea. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, ambaye hakuwahi kurudia neno.

Nyumbani kukapatikana sabuni na chumvi. Vahwere akaingia shule. Kanyere aliacha kukata mafunjo siku ileile; asingeweza kumtia mumewe aibu. Lakini Bernadette hakuwa na mume wa kupewa buti. Alikuja jioni moja, akakaa kwenye kigoda karibu na moto.

"Mama Vahwere, bwana yako atanikamata?"

"Wamemuambia akamate kila mutu."

"Basi mimi na Élise tutakula nini? Ndege?"

Kanyere alisukuma kuni motoni. Asubuhi, Kule akifunga buti, alimweleza yote. Kule alikaza kamba za buti.

"Upande ya mawe," alisema. "Huko chini kuko kugumu, na barabarani hawaoni. Siku ya soko, asubuhi. Mimi nitakuwa upande ingine. Lakini mutu asijue."

Kanyere alipeleka maneno hayo mwenyewe. Bernadette akamshika mikono yote miwili, akashukuru. Kwa zaidi ya mwaka mambo yalikwenda hivyo, na kwera hawakupungua wala mafunjo hayakupungua.

Kisha, siku moja ya soko mwezi wa kumi, gari la Citoyen Tharcisse lilifika bila taarifa likiwa na wageni waliotaka kuona korongo. Lilisimama upande wa mawe. Kanyere alikuwa anafua nguo kwenye mfereji, akaona yote. Bernadette alikuwa ameinama, mzigo wake nusu tayari. Mkubwa akanyoosha kidole. Kule, aliyekuja mbio kutoka upande wa pili, alipuliza filimbi kwa nguvu zake zote.

"Wee mama! Toka humo! Toka, mwizi!"

Bernadette aliinua kichwa. Alimtazama Kule, na Kanyere hakusahau uso ule: haukuwa na hofu kwanza, ulikuwa na mshangao. Kisha akaona askari anashuka garini. Barabarani kulikuwa na gari, kushoto Kule na filimbi yake. Njia iliyobaki ilikuwa katikati. Akakimbia humo.

Kanyere alipiga kelele, lakini korongo walikuwa wameruka wote kwa pamoja na sauti zao zikafunika yake. Mafunjo yaliyumba mstari mmoja mrefu kufuata mbio za Bernadette, yakasimama. Hayakuyumba tena.

Wanaume walimtoa kesho yake kwa miti mirefu. Vidole vyake vilikuwa vimejaa mizizi.

Kwenye matanga Citoyen Tharcisse alikuja, akatoa pole na gunia la mchele, akasema mbele ya watu kwamba marehemu aliona kibao, alijua sheria, na mlinzi alifanya kazi yake. Kule alisimama nyuma yake, macho chini. Élise, ambaye alikuwa na miaka kumi na sita, akamgeukia Kanyere.

"Mama Vahwere, si weye ulimuletea mama habari kama wamemuruhusu?"

Kanyere alimtazama mumewe. Kule hakuinua macho.

"Ndiyo," Kanyere alisema. "Bwana yangu alimuruhusu. Upande ya mawe, siku ya soko. Mama yako hakuiba."

Alidhani, akisema hivyo, kitu fulani kitanyooka. Hakikunyooka. Citoyen Tharcisse alimtia Kule kizuizini jioni hiyo kwa kuuza mali ya serikali, ingawa hakuuza hata jani. Alipotoka alikuwa amekonda, anakohoa, bila buti. Hakumpiga Kanyere, wala hakumtukana. Alikula alichopewa na kukaa mlangoni akitazama bonde. Wiki chache baadaye alisema anakwenda Ariwara kutafuta kazi kwa wachuuzi wa mpakani. Hakurudi.

Élise naye hakumshukuru Kanyere. Mjomba wake alikuja kumchukua kwenda Bule, na siku ya kuondoka, Kanyere alipompelekea nguo ya kitenge, aliipokea, akaiweka chini kwenye ngazi ya mlango, akapanda gari.

Mlinzi mpya alikuja, kisha akaacha kuja, maana mshahara haukufika. Kibao cha bati kikang'olewa na mtu kuezekea choo. Mwaka 1984 mkubwa mmoja wa mji akapata hati ya bonde zima. Wakachimba mitaro, wakachoma mafunjo kwa wiki nzima, wakapanda mikaratusi inywe maji yaliyobaki. Kwera walizunguka juu ya majivu siku kadhaa na majani mdomoni, wasijue pa kufumia. Yangeyange wakahamia jalalani nyuma ya soko. Korongo hakuna aliyesema walikwenda wapi.

Kanyere alikwenda kuomba kazi ya mitaro. Alichimba pamoja na wanawake wengine, matope hadi mapajani, na ardhi ilipokauka akakodi kipande kidogo cha kulima kabichi. Zilikua vizuri.

Mwaka 1987 mwanamume mmoja, Rémy, mchuuzi wa chumvi, alipita kununua kabichi. Akamuuliza kama yeye ndiye mama yake Vahwere.

"Nilimuona Kule huko Ariwara," alisema. "Analinda depo ya chumvi. Ana bibi mwingine, na batoto."

"Iko na afya?"

"Anakohoa. Lakini iko."

Kanyere alikata kabichi nyingine, akalitoa jani la nje lililoliwa na wadudu, akaiweka kwenye gunia la Rémy.

"Chukua na hii, umupelekee," alisema.