Shingo Tupu, Mume Hai

Ejok, ndugu zangu. Mnaponiona nimejifunga leso shingoni na jua linawaka hivi, msidhani nasikia baridi. Ni aibu. Leo nitaieleza.

Mimi ni Akiru, muuza chai hapa Kakuma. Shanga zangu zilianzia mabegani zikafika chini ya kidevu, kama mke yeyote wa Kiturkana. Kwetu mwanamke huzivua mumewe akifa. Nililala nazo, nikaoga nazo. Tumbaku nayo haikunitoka kinywani.

Mwaka 2012, nikimimina chai, mkono wa kulia ulilegea, birika likaanguka. Jicho la kushoto likaingia giza, mdomo ukapinda, mate yakatiririka. Nilitaka kusema "nishikeni", nikatoa sauti ya mbuzi. Kwa hofu nikajikojolea mbele ya wateja.

"Huyu mama amelewa asubuhi yote hii," mmoja akasema.

Punde nikawa mzima kabisa. Nikajifungia ndani kwa haya, nisimwambie mtu.

Hali ile iliporudi, mume wangu Lokai alikuwepo. Akanipeleka hospitali Lodwar. Daktari akataka kunisikiliza shingoni.

"Mama, toa hizi shanga."

"Sitoi. Bwana yangu hajakufa."

"Mshipa wa kupeleka damu kichwani naona unaziba. Ukiziba wote utapooza, hata kuongea hutaongea."

Nikakaza shingo. Foleni nzima ilikuwa inatutazama.

Lokai akasema, "Akiru, mimi nataka mke wa kunigombeza. Shanga hazigombezi." Akaomba mkasi kwa nesi, akazikata mwenyewe. Nililia nikijiziba kwa viganja. Nilijiona kama kuku aliyenyonyolewa.

Picha ya mishipa ya shingo ilipigwa Nairobi. Mshipa wa kushoto ulikuwa umejaa mafuta yaliyoganda, na ilibidi upasuliwe ukwanguliwe. Walinitia ganzi ya shingo tu, nikabaki macho chini ya kitambaa.

"Minya mkono wa nesi, mama," akasema daktari aliyenipasua. " Endelea kuongea, nisikie kama kichwa kinapata damu."

Nikawataja mbuzi wetu kwa rangi zao, mmoja mmoja. Nilimaliza wa kwetu, nikaingia wa jirani. Ulimi haukukwama.

Tuliporudi Kakuma, mwaka 2013, wanawake wa sokoni waliona shingo yangu tupu. "Pole, dada. Mzee amekufa lini?" Wakaanza kulia.

Lokai alikuwa nyuma yangu na mizigo. Akaitua. "Lieni polepole," akasema, "marehemu hajanywa chai."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Namshukuru Mungu, namshukuru na mwenye mkasi. Nanyi, mkono ukilegea kisha ukapona, usiseme yamepita. Nenda hospitali. Tumbaku iteme. Daktari akisema vua, vua.

Kovu bado halistahimili shanga, na aibu sijapona, sitawadanganya. Lakini leso hii naivua sasa, mnione. Mume wangu yule pale nyuma, anasinzia kama kawaida yake.