Aliyetamka L Vizuri

Kosa langu la kwanza nililifanya tukiwa bado Kitale, kabla hata ya kuwasha gari: nilimwambia dada yangu Nafula kwamba hajui kuongea. Niamini, yote yaliyofuata yalitoka hapo. Na kama unasoma ili ucheke, acha tu, kwa sababu mimi bado nina hasira.

Gari lilikuwa la kusambaza mikate. Nililigeuza nyumba peke yangu, kwa kutazama video: kitanda, sinki, jiko la gesi. Kabati moja nililing'oa mara nne kwa sababu lilipinda kidogo. Ndivyo nilivyo. Mpango ulikuwa kuzunguka nchi, kambi hadi kambi, tukirekodi video za safari, Nafula akiwa mtangazaji. Lakini yeye alilelewa na nyanya yetu kule Kibabii, mimi nikalelewa na mjomba Kitale. Kwake mlango ni mrango, na barabara ni balabala.

Kambi ya kwanza ilikuwa karibu na maporomoko ya Nabuyole, upande wa Webuye. Nyasi, choo, bomba la maji, na mlinzi mmoja mwenye koti la mvua. Wageni tulikuwa sisi tu. Saa kumi jioni nikaweka kamera.

"Leo tutarara hapa," Nafula akasema, akitabasamu.

"Tutalala."

"Si ndio nimesema? Tutarara."

Mara kumi na mbili. Ya kumi na tatu akavua maikrofoni akanitupia. "Bro, baki na L yako." Akaenda zake kuelekea mtoni.

Mvua ikaja. Sikumfuata. Nilijifungia ndani ya gari, nikaanza kukatakata video.

Mlango ukagongwa. "Kaka, nifungulie mlango. Barabara imejaa maji."

Kila L mahali pake, kila R mahali pake. Unajua nilihisi nini? Furaha. Nilidhani amefanya mazoezi. Hata sikujiuliza tangu lini Nafula ananiita kaka. Akaingia, akaketi, nikawasha kamera.

"Leo tutalala hapa." Safi kabisa. "Turudie?"

Nafula, kuomba kurudia! Tukarudia mara tano, na mara zote tano tabasamu lilikuwa lile lile, kope zikashuka kwenye neno lile lile. Nikatazama viatu vyake. Mvua yote ile, na vilikuwa vikavu.

Ndipo mtu akaanza kupiga bati la gari kwa ngumi. "Bro! Fungua mrango! Nimeanguka mtoni, nakufa na baridi!"

Yule wa ndani hakushtuka. Akasema polepole, "Usimfungulie. Hajui hata kuongea."

Hapa ningependa kukudanganya kwamba niliruka papo hapo. Sikuruka. Nilishika kitasa nikabaki namtazama yule wa ndani, kwa sababu alikuwa anatamka vizuri. Sekunde ngapi? Zilitosha.

Nilipofungua, Nafula alikuwa na matope hadi kiunoni, goti likitoka damu. Nyuma yangu kiti kilikuwa kitupu.

"Nimesikia sauti yako," akasema. "Ati nisifunguriwe. Ati sijui kuongea."

"Si mimi!"

"Kwani mko wangapi humo ndani?"

Akaondoka kwa bodaboda jioni ile ile, na matope yake. Mimi nikamwendea mlinzi, nikamweleza kuhusu yule wa ndani. Alijikuna shingo tu. "Kwani alikuja? Huyo hupenda watu wakigombana."

"Ulijua, na hukutuambia?"

"Ningewaambia, si mngeenda?"

Nilitaka kumpiga. Bado nataka. Lakini si yeye aliyekaa na mkono kwenye kitasa.

Rekodi ya zile mara tano ninayo. Kiti ni kitupu mwanzo hadi mwisho, na kinachosikika ni sauti yangu peke yake: "Vizuri sana. Tena." Nilimtumia Nafula aone kwamba nilikuwa naongea na kitu mle ndani. Aliitazama. Basi.

Kwa hiyo wewe unayelala kambini, sikiliza. Mtu wako akigonga mlango akiongea jinsi ulivyotaka siku zote aongee, usifungue. Mfungulie yule anayekosea, na umfungulie haraka.

Tangu siku ile sijamrekebisha mtu yeyote. Gari limeegeshwa Kitale, na dada yangu haongei nami.