Tumbili Wawili, Saa Tisa na Dakika Kumi

Nilikuwa bado mtoto wa miaka kumi, na jambo hili lilianza siku ya Jumatano, saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa hiyo nina hakika nayo. Niliiandika mwenyewe kwenye daftari, na katika mstari ule mzima saa ndiyo kitu pekee cha kweli.

Tulikaa Katubuka, mtaa wa mji ulio kando ya ziwa, Baba, Bibi na mimi. Mama alikuwa mwalimu Kasulu, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Baba alikuwa akiwapeleka wageni kwa boti hadi hifadhini, kaskazini mwa mji, kutazama sokwe. Lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Siku za mapumziko aliniketisha ufukweni na darubini yake, ambayo mkanda wake ulikuwa umekatika ukafungwa kwa uzi wa nyavu, akaniuliza: ndege gani, wangapi, wapi, saa ngapi? Nikijibu, "Mnandi wengi," aliniambia, "Wengi si idadi. Kama hujahesabu, hujaona." Alininunulia kaunta buku, na kila nilichokiona kiliingia humo kwa penseli.

Chini ya nyumba yetu, bondeni ambako maji hutuama wakati wa masika, ulikuwepo mkuyu. Kwenye panda yake fundi chuma wawili walikuwa wamejenga. Fundi chuma ni ndege wa kahawia, kishungi chake kimechomoza nyuma ya kichwa hata kichwa kizima kinafanana na nyundo. Kiota chake ni kikubwa kuliko pipa, rundo la vijiti lenye mlango mdogo ubavuni, umesiribwa kwa tope kama ukuta wa nyumba.

Bibi, mama yake Baba, hakupita chini ya mti ule bila kuinamisha kichwa.

"Huyu ni mfalme," aliniambia. "Ndege wenzake humbebea vijiti. Mnyama akimvunjia mlango, hayo ni yao wenyewe. Lakini mkono wa mtu wa nyumbani ukimvunjia, aliyevunja aseme, na hakuna wa nyumba hiyo kupanda chombo ziwani mpaka ndege arudishe kijiti cha kwanza."

"Mama, unamwogopa ndege huyu kuliko mkweo," Baba alimtania.

"Mkwe wangu hajawahi kumzamisha mtu."

Baba alicheka, lakini alitii. Mwaka mmoja kabla, binamu yake alikuja kutukatia kuni, akaangusha tawi la mkuyu na mlango wa kiota ukapasuka. Binamu alisema, na Baba akakaa nyumbani siku mbili akishona turubai la boti, mpaka ndege walipoleta kijiti. Wenzake walimcheka. Akawaambia, "Upepo wa mama yangu ni mkali kuliko wa ziwa." Naomba msomaji alikumbuke hilo, kwa sababu mimi sijaweza kulisahau.

Jumatano ile Baba alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Walikuwa wamefika wageni wawili, mume na mke, wazee, ambao hawakuulizia sokwe hata kidogo. Walitaka ndege. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile walikuwa wa kwanza. Kesho yake asubuhi angewapeleka kaskazini, kisha jioni angewaleta kwetu waone kiota cha fundi chuma. Mimi nikataka kumpa zawadi ambayo yeye hakuwa nayo: idadi ya mayai.

Nilipanda mkuyu. Mkono haukufika ndani, nikaubonyeza mlango wa tope kidogo ili upanuke. Ulibanduka wote. Ukaanguka, na mayai mawili yakaanguka nao. Ndani yalibaki matatu, kwa hiyo yalikuwa matano. Hata wakati ule nilihesabu.

Sikumwogopa mfalme wa ndege. Nilimwogopa Baba, ambaye alikuwa amenikataza jambo moja tu maishani: kugusa kiota. Niliona akilini uso wake akiambiwa mbele ya wageni wake kwamba kiota kimevunjwa, na aliyevunja ni mwanafunzi wake mwenyewe. Nikafukia maganda chini ya majani ya muhogo, nikaketi, nikafungua daftari.

Jioni Bibi alirudi kutoka bondeni na kipande cha tope mkononi. Baba alikuwa akipaka mafuta bawaba za sanduku la vifaa.

"Nani alikuwa kwenye mti?" Bibi aliuliza.

"Tumbili hao, Mama. Juzi wamemaliza mahindi ya jirani."

"Sikukuuliza wewe." Akanigeukia. "Mjukuu wangu, ulikuwa hapa mchana kutwa. Ni nani?"

"Ni tumbili, Bibi."

"Uliwaona?"

Nilimpa Baba daftari. Akasoma kwa sauti: "Jumatano, saa tisa na dakika kumi. Tumbili wawili, juu ya mkuyu, wanavunja kiota cha fundi chuma." Akanitazama kwa fahari ambayo bado inaniunguza. "Umesikia, Mama? Wawili. Huyu hasemi 'wengi'."

Bibi aliushika ule udongo muda mrefu. Kisha akautupa nje. "Basi, kama ni tumbili, nenda."

Alhamisi Baba aliondoka alfajiri pamoja na Shabani, fundi wake wa injini. Aliniachia darubini, akisema wageni wana zao nzuri zaidi, na jioni nimsomee nilichokiona.

Upepo wa kusini ulivuma kuanzia saa nane. Shabani alikuja kwetu kabla ya magharibi, miguu mitupu, amevaa shati la mtu mwingine. Alimwamkia Bibi, akabaki amesimama.

"Boti ilijaa maji karibu na mawe, Mama. Injini ilizima. Mwanao alimfikisha mgeni mzee kwenye mawe, akarudi kumchukua mkewe. Mama yule alifika, amesukumwa. Yeye mawimbi yalimrudisha nyuma."

"Alikuwa akiogelea vizuri," Bibi alisema.

"Vizuri kuliko sisi sote."

Hawakumpata siku ile, na baadaye hawakumpata.

Nimesoma chuo kikuu. Naweza kueleza jinsi upepo ule unavyozaliwa na kwa nini fundi chuma hana mamlaka juu ya maji. Wanaonipenda huniambia kwamba imani za wazee zisinisumbue, nami huitikia, kwa sababu hawajaelewa. Siamini kwamba ndege alimwua Baba. Ninachojua ni kwamba ningesema kweli angekaa nyumbani, akishona turubai, akichekwa na wenzake. Imani ya Bibi haikuhitaji kuwa kweli ili imwokoe. Ilihitaji mimi tu niwe mkweli.

Bibi naye hakulaumu mti wala ndege. Kwa kanuni yake safari ile ilikuwa salama, maana mnyama ndiye aliyevunja. Akaona kwamba alichorithi kwa mama yake hakikuwa na maana, na mpaka alipofariki hakumwonya tena mtu juu ya jambo lolote. Nilimnyang'anya mwanawe na elimu yake kwa mstari mmoja. Sasa kazi yangu ni kuhesabu ndege wa mwambao huu. Wenzangu husifu takwimu zangu. Narudia kila hesabu mara tatu, na usiku naamka kuirudia tena.

Asubuhi ya Ijumaa nilitoka uani watu wakiwa bado wamelala kwenye mikeka. Jirani aliyekuwa akichochea moto aliniambia "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya kwetu, kwa mazoea, kisha akajutia kuisema msibani. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, kanga begani, hakulala. Alinyoosha mkono akaomba daftari. Hakujua kusoma. Nilimfungulia ukurasa, naye akapitisha kidole polepole juu ya mstari wa Jumatano.

"Hapa ndipo tumbili walipo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mtoto wa baba yake," alisema. "Hakuna kinachompita."

Nilichukua darubini nikateremka hadi bondeni. Fundi chuma mmoja alikuwa amesimama kwenye panda ya mkuyu, mbele ya mlango uliobomoka, na mdomoni mwake kulikuwa na kijiti. Nilisubiri mpaka alipokiweka. Kisha nikaketi kwenye majani yenye umande, nikaandika: Ijumaa, saa moja na dakika ishirini. Fundi chuma, mmoja. Kijiti, kimoja.