Kengele Moja kwa Foleni Zote

Shemeji yangu hamwamini mtu. Sisemi hivi kwa kumsengenya, maana hata mwenyewe husema, tena kwa fahari. Nyumbani anajua idadi ya vibanio vya nguo vilivyo kwenye kamba. Jirani akimsalimia kwa uchangamfu kupita kawaida, ataingia ndani amuulize kaka yangu, "Huyu leo anataka nini?" Kaka hucheka tu. Mimi nami nilikuwa nacheka, mpaka nilipoanza kufanya naye kazi ofisi moja.

Ofisi yetu inakodisha kompyuta zisizoshikika. Kwenye chumba cha baridi kuna mashine moja kubwa, tunaiita mashine mama, na ndani yake zimo mashine pepe kadhaa, kila moja ikijiona ni kompyuta kamili yenye kadi yake ya mtandao. Mashine pepe ni za shemeji kuzitunza. Mashine mama iko chini ya bwana mmoja mpole tuliyembandika jina la Kimya, kwa sababu salamu yake ni kuinua nyusi. Kazi yangu mimi ni simu. Mteja akikasirika, sikio linaloungua ni langu.

Jumatatu moja liliungua haswa. Kuna hospitali inayotuma picha za eksirei kupitia mashine yetu, na picha zilikuwa zikikwama njiani huku wagonjwa wakisubiri. Daktari akaniuliza kwa upole wa kutisha kama tunazipeleka kwa miguu. Nikamwendea shemeji.

"Kaa hapa," akasema, akigeuza kioo cha kompyuta upande wangu. "Data zikiingia kwenye kadi zinapanga foleni. Kila foleni ina kengele yake. Ikilia, kuna prosesa, ubongo mmojawapo wa mashine, inayoamka kuihudumia foleni hiyo, basi. Ijumaa niliwaongezea hospitali foleni, kutoka nane hadi kumi na sita, picha zipite haraka. Sasa ona. Foleni zote zimebaki na kengele moja. Ikilia, prosesa moja inazunguka foleni zote kumi na sita kuuliza nani kaita, wenzake wamekaa tu."

"Labda kengele zimeharibika."

"Haziharibiki, shemeji. Zinachukuliwa." Akapunguza sauti. "Na mwenye funguo za mashine mama ni mmoja."

Tangu hapo hakuna dogo la Kimya lililompita shemeji. Akienda kunywa chai, shemeji alitaka kujua kaenda na nani. Akigeuza kioo chake kukwepa jua la dirishani, shemeji aliniminya mkono: umeona? Jumamosi iliyotangulia Kimya alikuwa amehamisha mashine za wateja wengine, na hilo kwa shemeji likawa ushahidi tosha. Kengele za hospitali zilikuwa zimepewa mteja mwingine kwa mlango wa nyuma. Nilimwambia amuulize mwenyewe. Akaniangalia kana kwamba mimi ni mtoto mdogo. "Mwizi unamuuliza?"

Nakiri aliniambukiza. Kufikia Jumatano nami nilikuwa namtazama Kimya mikono badala ya uso.

Siku hiyo hiyo shemeji alikwenda kwa Mkuu, mama asiyependa hadithi ndefu. Alimpaka Kimya matope kwa utulivu, jambo moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Mkataba wa Kimya ulikuwa unaisha wiki hiyo. Mkuu akaagiza nywila zake zifungwe, akamweka kwenye benchi la mapokezi, akamwambia shemeji, "Nionyeshe ilivyokuwa kabla na ilivyo sasa. Nikiona, asirudi."

Kimya alikaa pale, mfuko wake magotini. Hakumtazama mtu.

Shemeji alinitaka niwe shahidi, tukaingia chumba cha baridi. Ili amwonyeshe Mkuu hali ya kabla, alirudisha foleni kuwa nane kama zilivyokuwa, akaiwasha kadi upya. Tukasubiri. Jedwali la kengele likajitokeza kwenye kioo, na kila foleni ilikuwa na kengele yake, zote nane, namba zinapanda kila moja kivyake. Simu zangu zikanyamaza.

Nilifurahi. "Amezirudisha," nikasema.

"Nani?" Sauti yake ilikuwa kavu. "Yuko nje. Hana nywila."

Akaweka foleni kumi na sita. Kengele moja. Akaweka nane. Kila foleni na yake. Alirudia mpaka nikachoka kutazama, kisha akaegemea kiti na kujifuta uso ingawa chumba kilikuwa cha baridi.

Alinieleza polepole, kama anayejisomea hukumu. Kadi ile ilikuwa na kengele kumi tu, tangu siku ilipotengenezwa. Programu inayoiendesha kadi huomba kengele kwa kila foleni, na moja ya ziada kwa habari za kadi yenyewe. Foleni nane zikihitaji tisa, zinapatikana. Kumi na sita zikihitaji kumi na saba, hazipatikani, na programu haisemi, 'Basi nipe hizo kumi tugawane.' Inaacha mpango wote, inabakiza moja ya habari na nyingine moja ya foleni zote, na kazi inaendelea. Hailalamiki popote.

"Nimeomba nyingi," akasema, "nikaambulia karibu patupu. Mimi mwenyewe."

Tulikuwa wawili tu chumbani. Angeweza kunyamaza, Kimya aende zake, kesho foleni zibaki nane na sifa ziwe zake. Nilimwona akilipima jambo hilo, na akaniona namwona. Kisha akasimama, akaenda kwa Mkuu, akanyoosha maneno mlango ukiwa wazi, kila mtu akisikia. Siku hiyo nilimheshimu kuliko siku zote.

Mkuu akamwita Kimya arudi kazini. Hakuinuka. Shemeji akamfuata pale benchini.

"Nimekukosea, ndugu yangu."

"Nilijua," Kimya akasema. "Mashine mama inanionyesha kengele ngapi zimeombwa. Niliona tangu Jumatatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia umeomba kupita kiasi, ungesema najikinga." Aliongea taratibu, bila hasira, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema mengi hivyo. "Mwaka mzima nimekaa na mtu anayenihesabia pumzi. Mkataba ukiisha, acha uishe."

Akainua nyusi kwa wote, akaondoka.

Nyumbani shemeji hakula. Kaka alimuuliza kuna nini, akasema kichwa kinamuuma. Nikakaa naye sebuleni, roho inaniuma kwa ajili yake, nikitafuta neno la kumtuliza. Yeye ndiye aliyeanza.

"Mlikuwa mnakunywa chai pamoja, wewe na yeye."

"Mara mojamoja."

"Alikuambia?"

"Hakuniambia kitu, shemeji."

Ilikuwa kweli tupu. Alinitazama muda mrefu, usoni, kisha mikononi.

"Sawa," akasema, na nikajua hajaniamini.