Tumbaku ya Baba, Mikono ya Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda kwa miguu Arua Hill, mlima wenye ofisi yetu, mtoto mgongoni, maziwa yamelowesha blauzi. Mratibu wa mradi wa utafiti, mama mmoja anayevaa viatu virefu hata wakati wa tope, alinitazama akauliza kama huyo mtoto naye ameandikwa kazi. Nikamwambia bado, ananyonya kwanza. Wote ofisini wakacheka, nikapata kiti.

Ninawaandikia ninyi mnaomaliza shule sasa na kutafuta kazi ya kuuliza watu maswali. Najua wanaoandika habari za kazi zao kwa kawaida ni wazee wenye pensheni. Mimi sina mvi hata moja. Lakini kazi yangu imekwisha na hakuna atakayeniita tena, kwa hiyo nisikilizeni kama mnavyomsikiliza bibi, msinikate.

Aliyetufundisha ni Mtakwimu Mkuu, mwanamume mpole kutoka Kampala, mwenye kuzungumza taratibu kama anamimina mafuta ya taa kwenye chupa. Alisema saratani haisomwi kwa mgonjwa mmoja. Unakusanya wagonjwa, na kwetu walikuwa wenye saratani ya umio, yaani ile njia ya kupitishia chakula. Halafu kwa kila mgonjwa unatafuta mlinganishwa: mtu asiye na ugonjwa huo, wa jinsia ileile, wa umri wa karibu, wa kijiji kilekile. Wote wawili unawauliza maswali yaleyale, juu ya moshi, pombe, maji, tumbaku. Kisha unaangalia kama wagonjwa wameguswa zaidi na jambo fulani kuliko walinganishwa. Kipimo hicho wanakiita uwiano wa hatari. Uwiano ukipanda juu ya moja, jambo hilo linatiliwa shaka. Ukibaki kwenye moja, hakuna kitu.

Nililipenda somo hilo, nasema kweli. Sikuwahi kuipenda hesabu shuleni. Hapa niliona inaweza kusema jambo ambalo mtu akilisema peke yake anaambiwa amerogwa, au anadeka.

Na kulikuwa na jambo la kugombania. Wilaya ilikuwa imeomba kliniki ya uchunguzi, ile yenye kamera ndogo inayoshushwa kooni ili kuona uvimbe kabla haujafunga njia. Mahali pa kuipeleka pangechaguliwa kwa kufuata matokeo yetu. Kama vijiji vya tumbaku vingeonekana vina hatari, ingekuja Koboko, kunakolimwa tumbaku. Kama sivyo, ingekwenda kwingine. Mtakwimu Mkuu alitwambia hivyo mwenyewe, ili tusichoke.

Nilipelekwa Koboko kwa sababu mimi ni mtu wa huko, nimezaliwa Lurujo. Msimamizi wetu alikuwa mzee aliyetoka jeshini, tukimwita Afande. Watu wa Koboko walimfungulia mlango hata asipobisha. Kila boma alilijua kwa jina la askari aliyetoka humo. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Ukichelewa alikuuliza, "Wewe iko na bwana mpya?" Ukiwahi alikuuliza kama bwana wa zamani amekufukuza.

Swali la tumbaku kwenye tableti lilikuwa hivi: je, unalima tumbaku? Ndiyo au hapana. Ukibonyeza hapana, maswali yote ya kuotesha, kupulizia dawa, kufunga majani na kukausha yanarukwa. Ukurasa unaofuata ni wa maji ya kunywa.

Wanaume walisema ndiyo. Wanawake, nyumba baada ya nyumba, walisema hapana.

Ninyi ambao hamjakulia kwenye tumbaku mwelewe. Kwetu zao ni la mwenye jina. Jina linaloitwa siku ya kuuza ni la mume, kwa hiyo tumbaku ni yake. Mwanamke ana muhogo, ana simsim, ana kuku. Anayepalilia tumbaku ni yeye, anayefunga majani kwenye fito ni yeye, na anayelala ndani ya banda la kukaushia kuchochea kuni ili moto usishuke, macho mekundu na mtoto mgongoni, ni yeye. Lakini mwambie aseme "ninalima tumbaku" mbele ya mume wake. Ni kama kusema nyumba ni yangu, wewe mpangaji.

Nilimweleza Afande. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti, andika ile kitu mutu anasema. Wewe hapana kadhi."

Siku moja mgonjwa wa kike alipatikana karibu na kwetu, na mlinganishwa wake akatafutwa. Umri ulikubali, kijiji kilikubali. Aliyeangukiwa ni mama yangu.

Sheria haikuniruhusu kumhoji ndugu, basi akaenda mwenzangu Candiru, mimi nikakaa nje na mtoto. Baba alikuwa ameketi palepale karibu na Mama, kwa sababu mgeni akija mwenye boma haondoki. Nilisikia kila kitu. Candiru akauliza swali la tumbaku.

Mama akajibu, "Hapana. Tumbaku iko ya muzee."

Baba akacheka, akasema huyu akianza kulima tumbaku atataka na suruali. Mama naye akacheka. Mikono yake ilikuwa bado myeusi kwa utomvu wa majani, ule ambao hata majivu hayautoi. Candiru aliiona. Alibonyeza hapana, kwa sababu ndilo jibu lililotolewa, wakaendelea na maji.

Wiki hiyo nilirudi Arua nikaenda moja kwa moja kwa Mtakwimu Mkuu. Nilimwambia swali libadilishwe: msiulize nani analima, ulizeni nani anafunga majani na nani anachochea moto. Hakunidharau. Alivuta kiti, akanieleza kwamba ukibadilisha swali katikati ya kazi unakuwa na vipimo viwili. Wa kwanza umewapimia kikombe, wa pili ndoo, na huwezi kuwajumlisha tena. Nikasema basi turudi kwa wale wa kwanza. Akasema wengi wa wale wa kwanza, upande wa wagonjwa, wameshazikwa.

"Na hilo kosa litaachwa hivyo?" nikamuuliza.

"Kosa liko sawa pande zote mbili," akasema. "Wagonjwa wanasema hapana, walinganishwa wanasema hapana. Kosa la namna hiyo halizui hatari ambayo haipo."

"Linafanya nini?"

Alivua miwani. "Linavuta jibu kuelekea moja. Linaificha iliyopo."

Alijua. Hilo ndilo nililoshuka nalo mlimani mpaka chumba changu mtaani Mvara, na hilo ndilo linaloniamsha hata leo. Mjinga ningemfundisha. Huyu alijua, akaniahidi kuandika aya moja ya tahadhari mwishoni mwa ripoti. Akaiandika. Nimeisoma. Ni aya nzuri sana, na nani anayefika mwisho wa ripoti?

Mama alianza kuacha ugali wa muhogo. Kwanza alisema meno. Halafu alisema hana hamu. Alikunywa maji kila baada ya tonge, akijisukuma kifuani kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimeuliza wagonjwa swali hilohilo, chakula kinakwama wapi, na wote waliweka kiganja mahali alipokiweka Mama. Nilimpeleka hospitali, kipande kikakatwa kikapimwa, jibu likaja lile nililolijua.

Nikarudi tena mlimani. Niliomba Mama ahamishwe, atolewe kwa walinganishwa aandikwe kwa wagonjwa, na maswali ya tumbaku aulizwe upya, mimi nikiwa pembeni. Mratibu alinishika bega, akanipa pole kwa moyo wote. Kisha akasema uandikishaji umefungwa. Aliyehojiwa akiwa mzima anabaki alivyohojiwa. Ukianza kuwahamisha watu baada ya kujua yaliyowapata, hiyo si hesabu tena, ni huruma.

Ripoti ilitoka. Kwa wanaume, kitu kilionekana, lakini peke yake hakikutosha kuivuta kliniki. Kwa wanawake wa vijiji vya tumbaku, uwiano ulikaa kwenye moja. Kliniki ikaenda mbali na sisi. Mkataba wangu haukuongezwa. Walisema mradi umekwisha, na ni kweli ulikuwa umekwisha.

Mtaniuliza nawashauri nini. Sina. Kazi hii ina heshima, watu wake si wezi, na kila mmoja alifuata kanuni yake vizuri. Ndiyo maana sina hata wa kumshtaki. Ukiipata, ifanye. Lakini usidhani kwamba kwa kuwa jambo limehesabiwa basi limeonekana.

Sasa naishi Lurujo, namchujia Mama uji kwa kitambaa, kwa sababu hata chenga hazipiti. Mtoto wangu ameshaanza kutembea, anamletea kikombe. Juzi Baba alikuwa bandani, anachochea moto mwenyewe, na Mama akaniuliza kwa ile sauti yake iliyobaki kama karatasi, mashine ya kuangalia koo inakuja lini.

"Haiji, Mama."

"Kwa nini?"

Nikamwambia wamesema wanawake wa huku hawashiki tumbaku.

Akaweka kikombe chini. Kisha akaangalia viganja vyake, vimekonda lakini weusi wake uko palepale. 

"Nani aliwaambia hivyo?" akauliza.

Nikachukua kitambaa, nikaanza kuuchuja uji upya.